Tumeweka mabomba yenye mapezi kwenye kondensa, mbona mvuke bado unatoroka?

SWALI: "Asalam aleikum mhandisi. Tuko Pemba, tunapika makonyo (vikonyo vya karafuu) na majani ya mkarafuu kutoa mafuta. Boila yetu inakula maji kama lita 120 kwa saa. Kondensa (chombo cha kupoozea mvuke urudi kuwa maji) tulitengenezewa na fundi, ganda la stenlesi limelazwa, ndani mabomba 12 ya shaba ya mm 19, urefu mita 1.5. Mvuke unapita nje ya mabomba, maji ya kisima yanapita ndani, yanaingia upande mmoja yanatokea wa pili. Maji yanaingia nyuzi 28 yanatoka 52, na yale yanayotoka yanajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 28. Shida yetu mvuke unatoka mwishoni na harufu ya karafuu imejaa banda zima. Tukaambiwa tununue mabomba yenye mapezi (kingo nyembamba zinazolizunguka bomba kwa nje) yaliyotolewa kwenye chila, ile mashine ya kupoozea maji ya AC ya hoteli, mapezi 26 kwa inchi, kwamba eneo linakuwa mara 3 kwaiyo na mvuke utageuka maji mara 3. Tumebadilisha yote 12 (ya zamani tulipoyatoa yalikuwa na ukoko mweupe ndani kama nusu milimita). Wiki ya kwanza tukaona nafuu kweli, wiki ya tatu imekuwa mbaya kuliko zamani. Je tumeuziwa mabomba mabovu? Tutafute yenye mapezi mengi zaidi? Pesa imetuuma sana."

JIBU:

Wa aleikum salaam ndugu yangu, na poleni. Nashukuru umeleta vipimo, watu wengi wananiandikia "kondensa haifanyi kazi" basi imeishia hapo, wewe umenipa ndoo, sekunde, nyuzi na hadi unene wa ukoko, kwa hivyo nakujibu kwa hesabu, sibahatishi.

Nianze na lile linalokuuma. Mabomba mliyouziwa si mabovu. Ni mabomba mazuri sana, ila yametengenezwa kwa kazi nyingine, yaani kugeuza gesi ya friji kuwa kimiminika, na mvuke wa maji hauna tabia ya gesi ya friji hata kidogo. Na hata yangekuwa yanaufaa mvuke, bado yasingewatoa kwenye shida hii, kwa sababu shida yenu haiko upande wa mvuke. Haya ni mambo mawili tofauti, nitayaeleza moja moja maana yakichanganywa ndo mtu anaenda kununua mapezi 40 kwa inchi na kupoteza pesa mara ya pili.

Tuanze na mapezi yenyewe, maana hapa kuna elimu tamu.

Mvuke ukigusa bomba la baridi unageuka maji, na yale maji hayapotei, yanalivika bomba lote kama utando mwembamba kabla hayajadondoka chini. Ule utando ndo unakuwa blanketi. Mvuke mpya unaokuja haugusi tena shaba, unagusa maji, na joto lake lazima lipenye kwenye utando ndipo lifike kwenye bomba. Mjerumani Nusselt aliipigia hesabu hii mwaka 1916 na mpaka leo ndo tunaanzia hapo: utando ukiwa mwembamba joto linapita vizuri, ukiwa mnene linakwama. Kwa bomba lenu la mm 19 lililolala, bila mapezi, hesabu yake inatoa kama wati 10,000 mpaka 13,000 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Hiyo ni kubwa sana, kumbuka hiyo namba, tutairudia.

Sasa pezi linasaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo mliyoambiwa, eneo linaongezeka. Ya pili watu wengi hawaijui na ndo yenye nguvu zaidi. Maji yana ule mvutano wa uso, yaani ngozi inayofanya tone liwe duara na mdudu aweze kutembea juu ya dimbwi. Kwenye ncha ya pezi, pale palipochongoka, ngozi hii inayakamua maji kuyapeleka kwenye shina la pezi, kwaiyo ncha inabaki na utando mwembamba mno na mvuke unageuka maji pale kwa kasi kubwa. Gregorig alilieleza jambo hili mwaka 1954. Ndo maana bomba lenye mapezi yaliyopangwa vizuri linaweza kuzidi hata kile ambacho eneo peke yake lingeleta.

Lakini huo huo mvutano unaokamua maji kwenye ncha ndo unayashikilia maji kati ya pezi na pezi upande wa chini wa bomba. Chukua kitana, kile chenye meno ya karibu karibu, na chanuo lenye meno mapana, vichovye vyote kwenye maji uvitoe. Kitana kinatoka na maji yamejaa kati ya meno, ukikitikisa ndo yanatoka. Chanuo linatoka karibu kavu. Bomba lenu la chila ni kitana. Maji yakishajaa katikati ya mapezi, yale mapezi yamezama, eneo mlilolilipia liko chini ya maji, mvuke haulioni.

Na hili lina hesabu yake. Honda na wenzake kule Japani mwaka 1983 walitoa kanuni ya kujua maji yanapanda mpaka wapi, na ni rahisi kuitumia: inategemea mvutano wa uso, uzito wa maji, kipenyo cha bomba kwenye ncha za mapezi, na pengo kati ya pezi na pezi. Nimeiweka kwa bomba la mm 19 na maji ya nyuzi 100. Pengo la mm 2, kama asilimia 39 ya mzunguko wa bomba imezama. Pengo la mm 1.5, asilimia 46. Pengo la mm 1, asilimia 60. Pengo likifika mm 0.66 kushuka chini, bomba lote limezama kuanzia chini hadi juu kabisa. Sasa mapezi 26 kwa inchi maana yake kutoka pezi hadi pezi ni kama mm 0.98, toa unene wa pezi lenyewe, pengo linabaki mm 0.65 hivi. Umeona lilipoangukia? Liko pale pale kwenye mstari wa kuzama lote.

Gesi ya friji kama R134a ikiwa kwenye nyuzi 40 mvutano wake wa uso ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ule wa maji, kwaiyo bomba lile lile, pengo lile lile, linazama chini ya asilimia 20. Ndo maana kwenye chila linafanya kazi vizuri sana, na aliyekushauri inawezekana kabisa kwamba ameshaliona kwa macho yake likifanya kazi huko kwenye AC, hakukudanganya kwa makusudi. Ila hakujua kwamba kimiminika kimebadilika. Mvuke wenu una mafuta ndani yake na mafuta yanapunguza mvutano kidogo, namba zinasogea, lakini hazisogei mpaka zikafanana na za gesi ya friji.

Nisikutishe kupita kiasi pia, bomba lililozama si kwamba limekufa. Ncha za mapezi bado ziko nje, bado zinapokea mvuke, kwaiyo linafanya kazi kama bomba laini au zaidi kiasi. Ila ile mara 3 haipo, sahau. Na kuongeza mapezi yawe mengi zaidi kwa inchi ndo kuzidi kuzamisha, kwaiyo swali lako la mwisho jibu lake ni hapana.

Kwa mvuke wa maji pengo zuri linajulikana siku nyingi. Miaka ya 1980 watu wa Queen Mary College pale London, na wengine wa chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani kule Monterey, California, walikereza mabomba ya shaba ya mapengo tofauti tofauti wakayapima moja moja, na wote waliangukia mm 1.5 hivi, pezi la kimo cha mm 1 mpaka 1.6 tu. Hapo upande wa mvuke ulipanda mara 3 na zaidi kulinganisha na bomba laini. Wa London wakagundua pia kwamba ukibandika kipande chembamba cha bati la shaba chini ya bomba, kimesimama wima kwa urefu wote, kinayanyonya yale maji yaliyokwama na sehemu iliyozama inapungua. Kitu rahisi sana, fundi wa kawaida anaweza kukifanya, na mimi napenda sana suluhisho za namna hii.

Lazima pia mapezi yawe ya shaba. Kuna watu wanakereza mapezi kwenye stenlesi wakidhani ni sawa tu, lakini shaba inapitisha joto mara 20 na zaidi kuliko stenlesi. Pezi la kimo cha mm 1 na unene wa nusu milimita likiwa la shaba linafanya kazi kwa asilimia 95, likiwa la stenlesi ni asilimia 50 hivi, maana ncha yake inapata moto wa mvuke na inabaki na moto huo huo, joto halishuki kwenda kwenye bomba.

Haya, hapo tumemaliza mapezi. Sasa tuje kwenye ugonjwa wenu wenyewe.

Joto linapotoka kwenye mvuke kwenda kwenye maji ya kisima linavuka vikwazo vinne: utando wa nje, ukuta wa shaba, ukoko wa ndani, na maji yenyewe yanayotembea ndani. Ni kama kutoka Wete kwenda Mkoani barabara ina vipande vinne, kimoja lami safi na kingine mashimo matupu, ukienda kukarabati kile cha lami safari haifupiki. Tupime vipande vyenu. Ndoo ya lita 20 kwa sekunde 28 ni kama lita 2,600 kwa saa. Maji hayo yanagawanyika kwenye mabomba 12 kwa pamoja, kwaiyo ndani ya kila bomba (nimechukulia tundu la mm 16) yanatembea sentimita 30 tu kwa sekunde. Hiyo ni polepole mno. Kwa mwendo huo upande wa maji unapokea kama wati 2,000, linganisha na zile 12,000 za upande wa mvuke. Na ukoko wa chokaa wa nusu milimita peke yake unaruhusu wati kama 4,000 tu kupita.

Tukiuita mzigo wote wa vikwazo kwenye kondensa yenu ya zamani 100, unagawanyika hivi: maji ya ndani yanayojikokota 60, ukoko 30, upande wa mvuke 10. Ukuta wa shaba hauna hata nusu. Yaani mmetumia pesa yote kushughulikia ile 10! Hata mapezi yangekuwa ya pengo sahihi, yakaitoa 10 ikawa 3, mngebaki na 93. Hiyo nafuu ndogo hata pua isingeiona.

"Lakini wiki ya kwanza tuliona nafuu." Ndiyo, na ilikuwa nafuu ya kweli. Mabomba mapya yalikuwa masafi ndani! Ile 30 ya ukoko ilitoka kwa siku moja. Mapezi yamechangia 4 au 5 hivi, usafi umechangia 30, sifa wakapewa mapezi. Halafu wiki ya tatu chokaa imerudi, na imerudi kwa kasi, kwa sababu mbili. Mabomba mengi ya chila yamechongwa mistari ndani kama ya mtutu wa bunduki, ile mistari inasaidia maji safi ya chila lakini kwa maji ya kisima inakamata ukoko na brashi haiutoi vizuri. Na ya pili, Pemba kuna sehemu zilizokaa juu ya jiwe la matumbawe na maji ya visima vyake yana chokaa, na chokaa si kama chumvi au sukari, yenyewe maji yakipata moto ndo inazidi kujitenga na kuganda kwenye bomba. Mnayatoa maji yakiwa nyuzi 52, pale mwishoni ndo kiwanda cha kutengeneza ukoko.

Jambo la kwanza kulifanya sasa hivi, kabla ya kununua chochote, ni kusafisha. Asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaotiwa kwenye juisi, gramu 50 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, zungusha kwa pampu ndogo ndani ya mabomba saa 1 mpaka 2, itatoa povu, povu likikoma badilisha maji au ujue chokaa imekwisha, kisha suuza sana. Vaa glavu na miwani na mlango uwe wazi. Usichanganye kabisa na jiki, inatoa gesi ya sumu. Na ile asidi kali ya kusafishia vyoo na mafundi wa ujenzi usiipeleke karibu na ganda la stenlesi, inalitoboa vitundu vidogo vidogo ambavyo utaviona baada ya miezi.

Jambo la pili ndo lenye faida kubwa kuliko yote na halihitaji bomba jipya hata moja. Saa hii maji yanaingia mabomba yote 12 kwa pamoja. Mwambie fundi aweke ukuta mdogo ndani ya vile vichwa viwili vya kondensa (vifuniko vya mwisho, maji yanakoingilia na kutokea), ili maji yaende na mabomba 4, yarudi na 4, halafu yaende tena na 4 ya mwisho. Maji ni yale yale lita 2,600, pampu ile ile, ila sasa mwendo ni mara 3, sentimita 90 kwa sekunde, na ile 60 ya upande wa maji inashuka mpaka kama 25. Jumla ya vikwazo, mabomba yakiwa masafi, inakuwa 35. Kutoka 100 mpaka 35, yaani kondensa ile ile inapitisha joto karibu mara 3 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zile mara 3 mlizoahidiwa kwenye mapezi zilikuwa ndani ya vichwa vya kondensa muda wote.

Pampu itaumia? Kidogo. Msuguano unapanda zaidi ya mara 20, ukiisikia hivyo inatisha, lakini unaanzia karibu na sifuri. Kwa mabomba yenu hata haufiki nusu mita ya kimo cha maji, weka na kona za kwenye vichwa hesabu mita 1. Simtank lililoinuliwa mita 3 linatosha bila wasiwasi, mradi bomba la kutoka kwenye tangi lisiwe jembamba. Halafu angalia sehemu ya kutokea, maji ya mwisho yatokee juu ili mabomba yasibaki na hewa.

Tupige hesabu kama inatosha. Mvuke wa kilo 120 kwa saa una joto la kilowati 75 za kugeuka maji, ongeza 8 hivi za kuyapoza mpaka nyuzi 40, jumla ni kama 84. Kondensa yenu ya zamani kwa hesabu yangu ilikuwa inabeba 72 au 73, na hiyo inalingana na maji yenu kutoka 28 mpaka 52. Zile kilowati 11 zilizokosa nafasi ndo mvuke mnaouona ukitoka mlangoni. Ikisafishwa na maji yakienda mara 3, uwezo unafika kama kilowati 140 (haufiki mara 3 kamili, kwa sababu maji yenyewe yanazidi kupata moto njiani). Mnabaki na akiba kubwa, hata ukoko ukianza kurudi mna wiki nyingi kabla hamjausikia.

Kuna na hewa, hii wengi wanaisahau. Mtungi wa makonyo unapoanza kupikwa umejaa hewa, na makonyo yenyewe yana hewa. Hewa haigeuki maji, inabaki imelizunguka bomba la baridi kama mlinzi, mvuke unashindwa kufika. Nusu asilimia tu ya hewa kwenye mvuke uliotulia inaweza kukata uwezo wa upande wa mvuke kwa nusu. Angalia kondensa yenu mvuke unaingilia wapi na unatokea wapi. Kama fundi ameweka tundu la kuingilia na la kutokea upande mmoja, basi ule upande wa pili ni mfuko wa hewa, mabomba yako baridi yamekaa bure. Gusa ganda kwa mkono kwa tahadhari wakati mnapika (au tumia thamometa ndogo), kama upande mmoja unachoma na mwingine wa baridi kabisa, ndo hapo. Dawa yake mvuke uingie juu upande mmoja, maji na mafuta yatokee chini upande wa pili, hewa itasukumwa yenyewe.

Na hapa nasema kwa uzito wote: tundu la kutokea liwe wazi kwenye hewa ya nje siku zote. Nimeona watu wanaweka valvu pale "ili mvuke usitoroke". Ndugu yangu, mkifunga pale mtungi wenu unageuka bomu. Mvuke unaotoroka ni hasara ya mafuta, mvuke uliofungiwa unaua watu. Kama ipo valvu pale, itoeni leo.

Sasa mabomba mliyoyanunua mfanyeje? Hapa inabidi niwe mkweli hata kama inauma. Yamekaa miaka kwenye chila, kati ya yale mapezi kuna mafuta ya kompresa yameshikamana na hayatoki kirahisi, na nyinyi mnatoa mafuta yanayokwenda kwenye manukato, dawa za meno na vyakula. Kama mzigo uliopikwa tangu muyafunge bado upo, utengeni, msiuchanganye na ule wa zamani mpaka upimwe. Mimi ningeyatoa. Shaba ya skrepa ina bei nzuri, uzeni, pesa yake itanunua sehemu ya mabomba mapya laini. Kama yale ya zamani bado mnayo na hayajapinda, yasafisheni ukoko myarudishe, yanatosha kabisa.

Mkinunua mapya, fikirieni stenlesi laini ya ukuta mwembamba. Mafuta ya karafuu yamejaa yujeno (eugenol, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake), na yujeno ikikaa na chuma mafuta yanageuka rangi, hilo hakikisheni hakuna kipande cha chuma cheusi popote mafuta yanapopita, na shaba nayo muiangalie kama mnunuzi anataka mafuta meupe. Stenlesi ya ukuta wa mm 1 inaongeza kikwazo kama 8 kwenye ile 35, mnapata 43, bado ni zaidi ya mara 2 ya mlipotoka. Kwa mafuta yenu naona ni biashara nzuri.

Na mapezi ya kukereza yale ya mm 1.5? Yangeitoa 35 ikawa 28, robo ya nguvu imeongezeka. Ni faida ya kweli, siidharau, lakini kwa gharama ya kukereza mabomba 12 mngeweza kuongeza mabomba laini 4 mkapata zaidi ya hiyo na kila bomba mkalisugua kwa brashi bila shida. Mapezi kwenye mvuke wa maji yana mahali pake, pale nafasi ni finyu kama melini, maji ya ndani yanakwenda kasi na ni masafi, na upande wa mvuke ndo umebaki kuwa kikwazo kikubwa. Banda lenu lina nafasi.

Kuna wanaopaka bomba vitu vinavyofukuza maji ili mvuke udondoke kama matone badala ya kutandaza utando, kama unavyoona kwenye kifuniko cha sufuria chenye mafuta mafuta. Tangu 1930 ilijulikana kwamba matone yanapitisha joto mara nyingi zaidi kuliko utando, na inawezekana mafuta yenu yenyewe yanawasaidia kidogo bila nyinyi kujua. Lakini vile vipako vinabanduka, na kikibanduka kinaingia kwenye mafuta. Achaneni navyo.

Chokaa ya kisima itaendelea kuwasumbua kama hamjabadilisha maji. Pemba mvua zipo, masika na vuli, mkivuna maji ya bati mkayazungusha kwenye tangi na mnara mdogo wa kupoozea, hata wa fito na neti maji yakidondoka kwenye upepo, ukoko mnaupunguza sana. Tangi peke yake halitoshi, kilowati 84 zinapasha lita 10,000 nyuzi 7 kwa saa, mpaka mchana limekuwa maji ya kuoga. Kwenye mnara mtapoteza kama lita 1 kwa kila lita ya mvuke mnayoigeuza maji, yaani lita 120 kwa saa badala ya kumwaga 2,600.

Mkilinganisha zile lita 120 za boila na maji yanayotoka kwenye kondensa mkaona ni pungufu, msiihesabu saa ya kwanza, maana mvuke mwingi unaishia kupasha makonyo ndani ya mtungi. Pimeni kuanzia saa ya pili. Yale maji yanayotoka na mafuta yakiwa ya moto yanaondoka na mafuta zaidi yaliyoyeyuka ndani yake, kwaiyo yatoke nyuzi 40 au chini, na kama mnaweza yarudisheni kwenye mtungi yapikwe tena, msiyamwage.

Mtu wa kuja kuona kwa macho mnamhitaji kwenye mambo mawili. Kwanza ikiwa boila yenu haina cheti cha ukaguzi cha karibuni au valvu ya usalama haijawahi kujaribiwa, mwiteni mkaguzi wa boila kabla ya lolote kati ya haya. Pili ikiwa mmesafisha, mmeweka kuta kwenye vichwa, hewa inatoka, na bado mvuke unatoroka, basi inawezekana kuna bomba linavuja, maji ya kisima yanaingia kwenye mafuta. Kuijua ni rahisi: zima moto, acha maji ya kupoozea yaendelee kupita, subiri kondensa ipoe kabisa, halafu kaa uangalie lile tundu la kutokea kwa nusu saa. Likidondosha maji wakati hakuna mvuke, mwite fundi aifungue.